Ardhi ya michikichi: niliyoyaona Riau na ninayoyahofia Kigoma

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Kigoma, akanieleza kwamba kuna wageni waliofika ofisi ya kijiji wakiulizia bonde lililo nyuma ya mashamba yetu. Wanataka kufungua shamba kubwa la michikichi, wameahidi ajira kwa vijana na barabara itakayopitika masika na kiangazi, na mkutano mkuu wa kijiji utaitwa ili wananchi waseme kama wanakubali. Kaka aliniuliza mimi kwa sababu huu ni mwaka wangu wa 11 nikiishi Indonesia, katika mkoa wa Riau kisiwani Sumatra, kwenye kijiji ambacho ukisimama mlangoni na kutazama pande zote huoni zao jingine isipokuwa michikichi. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lile halikuniridhisha mwenyewe, na nimeona niliandike kwa urefu kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walioko nyumbani ambao huenda nao wataulizwa swali hilo hilo.

Nianze na mti wenyewe, kwa kuwa ni wa kwetu. Asili ya mchikichi ni Afrika, nasi wa kando ya Ziwa Tanganyika tumeula na kuupaka tangu enzi za mababu. Huku uliletwa na Waholanzi mwaka 1848, miche minne tu iliyopandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, na mashamba ya biashara yakaanzishwa Sumatra mwaka 1911 na Mbelgiji mmoja aliyeitwa Adrien Hallet. Hata wale wadudu wadogo wanaochavusha maua yake waliletwa kutoka Kameruni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo vibarua walipita mti kwa mti wakichavusha kwa mikono. Leo Indonesia ndiyo ya kwanza duniani kwa kuzalisha mawese, nasi tulioutoa mti tunaagiza mafuta ya kula kutoka Asia. Nilipokuwa mtoto nilimsaidia mama kuchemsha chikichi kwenye pipa na kuzungusha mashine ya kukamulia kwa mkono, na sikuwahi kufikiri kwamba yale mafuta maangavu tuliyonunua dukani wakati wa sikukuu yalitoka kwa ndugu wa mti ule ule uliokuwa uani kwetu.

Sitaki kusema uongo juu ya kijiji kilichonipokea. Baba mkwe wangu alihamishwa na familia yake kutoka Java ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mpango wa serikali wa kuwapeleka watu wa visiwa vilivyojaa kwenda visiwa vyenye nafasi, mpango unaoitwa transmigrasi. Kila familia ilipewa kiwanja cha nyumba na hekta 2 za michikichi iliyopandwa kwa mkopo, na sehemu ya mauzo ya kila mwezi ikakatwa mpaka deni likaisha. Deni lilipoisha, baba alikabidhiwa hati ya ardhi yenye jalada la kijani, ambayo mpaka leo anaihifadhi ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa. Kwa hekta hizo mbili amesomesha watoto watatu, amejenga nyumba ya tofali na amekwenda Makka. Umeme upo, shule ipo karibu, na kadi ya bima ya afya ya taifa tunayo sote. Mtu atakayeniambia kwamba mchikichi umewaletea watu hawa umaskini tu, nitamkatalia.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye picha. Kila baada ya wiki mbili mume wangu huingia shambani na mundu uliofungwa kwenye upondo mrefu, akakata kuti kwanza na mkungu baadaye, na mkungu mmoja unaweza kuzidi kilo 20 ukaanguka kwa kishindo kinachotikisa ardhi chini ya miguu. Mimi hufuata nyuma nikiokota punje zilizotawanyika, moja moja, kati ya miiba na majani makavu, nikizitia kwenye gunia. Kazi hii ya kuokota ni ya wanawake na watoto, na katika mashamba makubwa ya jirani haihesabiwi kuwa kazi hata kidogo: kibarua hupewa kiwango cha siku ambacho peke yake hawezi kukifikia, kwa hiyo humleta mkewe, naye mke jina lake halimo katika daftari la nyapara. Nimewaona wanawake hao jioni wakirudi wameinama kama watu wa umri wa mama yangu, ilhali ni rika langu.

Kuna tofauti moja kati ya huku na Kigoma ambayo ilinichukua miaka kuielewa. Matunda yakishakatwa yanapaswa kufika kiwandani ndani ya siku moja au mbili, la sivyo asidi hupanda ndani ya mafuta na bei huporomoka. Mkulima hana kiwanda, na mara nyingi hana hata lori, kwa hiyo hutegemea dalali ambaye huku wanamwita toke, na toke humtegemea mwenye kiwanda. Hakuna mtu katika mnyororo huo anayeweza kusema leo siuzi. Mama yangu aliweza. Akiona bei ya mawese iko chini, aliyafunga kwenye madumu na kuyaweka chumbani mpaka msimu ugeuke. Mise, yaani kokwa za chikichi, alizitenga kwa ajili ya sabuni, na makapi aliyawashia moto. Mashine yake ilikuwa duni na mafuta mengi yalibaki kwenye makapi, lakini uamuzi wa lini auze ulikuwa wake. Mwezi Aprili 2022 serikali ya Indonesia ilipozuia mawese kwenda nje kwa takriban wiki tatu, ili kutuliza bei ya mafuta ya kupikia mijini, matangi ya viwanda yalijaa, viwanda vikaacha kupokea matunda, na bei ya kilo moja hapa kijijini ikashuka chini ya nusu ya ilivyokuwa. Mikungu ilioza juu ya miti mbele ya macho yetu. Baba mkwe, ambaye hati yake ilikuwa salama ndani ya kopo, alikaa barazani siku nzima bila kusema neno.

Wakati huo huo chakula kilipaswa kununuliwa, kwa sababu kijiji hiki cha wakulima hakilimi chakula. Michikichi ikifikia miaka minne au mitano makuti hufunga juu, jua halifiki chini, na hakuna mahindi wala maharage yatakayoota hapo. Mchele, mboga na samaki huletwa na muuzaji wa pikipiki asubuhi, na ninaponunua fungu la kisamvu, jani ambalo kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu angelinunua, bado moyo wangu huuma. Nyumbani michikichi imesimama mbalimbali na chini yake kuna mihogo, ndizi na maharage. Wataalamu watasema, na ni kweli, kwamba shamba la namna hiyo halitoi mafuta kama la huku, ambako hekta moja hutoa tani 3 hadi 4 kwa mwaka. Lakini mwaka wa bei mbaya familia ya Kigoma hula.

Yote haya hata hivyo ni madogo nikiyaweka mbele ya suala la ardhi, na hapa ndipo ninapomwomba kaka yangu anisikilize kwa makini. Lugha ya huku ina maneno mengi tuliyochota kisima kimoja, yaani Kiarabu, kwa hiyo mtu wa Ujiji huyasoma bila mkalimani: dunia ni dunia, rezeki ni riziki, hak ni haki, milik ni miliki. Hati ya baba mkwe wangu imeandikwa hak milik, haki ya kumiliki, nayo haina mwisho. Hati ya kampuni iliyotuzunguka inaitwa hak guna usaha, haki ya kutumia ardhi ya serikali kwa kilimo cha biashara, ambayo kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1960 hutolewa hadi miaka 35 na huweza kuongezwa 25. Ng'ambo ya mto kuna kijiji cha Wamalayu, wenyeji wa asili wa bonde hili, ambao walikuwa na mpira, miti ya duriani na misitu ya rotani kabla ya sisi wageni kuletwa. Wazee wao waliipisha kampuni miaka ya 1990, wakapewa fedha kidogo inayoitwa sagu hati, ambayo kwa Kiswahili cha kwetu ningeiita kifuta machozi, wakatia saini. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwapo siku ile, ameniambia zaidi ya mara moja kwamba walielewa wanaazima. Muda ukiisha ardhi ingerudi kwao, kama anayeazima jembe anavyolirudisha.

Haikuwa hivyo. Ili kampuni ipate ile hati, wenyeji hupaswa kwanza kuiachia ardhi yao ya kimila, nayo ikishaachiwa huwa ya dola. Muda wa kampuni ukiisha, ardhi haimrudii mzee. Hubaki kwa dola, ambayo inaweza kumwongezea muda yule yule au kumpa mwingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hii ilitamka kwamba misitu ya kimila si misitu ya serikali, na nimesimuliwa jinsi watu wa ng'ambo walivyofurahi kwa siku kadhaa mpaka walipoelezwa kwamba uamuzi ulihusu misitu, na bonde lao halikuwa tena msitu. Sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 2014 inaitaka kampuni iwezeshe wananchi kupata mashamba yasiyopungua asilimia 20, na kijiji kile kimepata kitu kama hicho, lakini miti inasimamiwa na kampuni yenyewe na wananchi hupewa mwisho wa mwezi karatasi ya makato: mbolea, usafirishaji, matengenezo ya barabara, riba. Nimeisomea karatasi hiyo kwa sauti jirani yangu asiyeona vizuri. Kilichobaki chini, baada ya makato yote, kilimtosha kununua mchele wa wiki moja.

Sasa msomaji wa nyumbani atasema kwamba sheria yetu ni nyingine. Ni nyingine, na katika mambo kadhaa ni bora. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, imeutaja mkutano mkuu kuwa na sauti, na imemruhusu mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila isiyo na ukomo. Wamalayu wa hapa wangeshukuru kuwa na kitu kama hicho miaka 30 iliyopita. Lakini mwekezaji wa kigeni hapewi ardhi ikiwa bado ya kijiji; ni lazima kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe kutoka kijijini, iwe ardhi ya jumla iliyo chini ya serikali, ndipo apewe. Eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu unaweza kulikubali au kulikataa; likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo na Waziri ndiye huamua. Na ikishahaulishwa, sheria haisemi kwamba itarudi kijijini yenyewe siku mwekezaji atakapoondoka. Kule Kisarawe kampuni ya mibono, mmea wa mafuta ya mitambo, iliyochukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ilifilisika mwaka 2011, na ardhi ile ikapita mikononi mwa mwekezaji mwingine pasipo kupitia kwanza kwa wenyewe. Huo ndio mlango ule ule niliouona Riau, umepakwa rangi nyingine tu.

Sisemi bonde lisipandwe michikichi. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kulisimamia zao hili Kigoma, kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha miche bora, na miche hiyo inaweza kupandwa na kaka yangu kama inavyoweza kupandwa na kampuni. Huku Indonesia karibu asilimia 40 ya eneo la michikichi liko mikononi mwa wakulima wadogo, hivyo si kweli kwamba mti huu hauwezi kulimwa bila bwana mkubwa. Wageni hao wakitaka matunda, na wajenge kiwanda na kuyanunua kwetu. Kabla ya hapo bonde lipimwe, kila familia ipate hatimiliki yake ya kimila, na sehemu ya chakula na ya maji itengwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Kwenye mkutano, kaka, simama uulize swali moja mbele ya watu wote na uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari: siku mtakapoondoka, ardhi hii inakwenda kwa nani?

Wiki moja kabla ya Ramadhani iliyopita nilifuatana na mke wa yule mzee kwenda kuzuru makaburi ya wazazi wake, ambayo yamo katikati ya shamba la kampuni, chini ya mti mmoja wa duriani ulioachwa usikatwe. Tulisimamishwa getini. Mlinzi, kijana mwenye adabu anayemwita mama yule nyanya, aliandika namba ya pikipiki yetu, akauliza tunakwenda wapi na tutarudi saa ngapi, kisha akainua mti wa geti. Mama yule alijibu kila swali kwa upole. Tulipofika alifagia majani juu ya kaburi la baba yake, akamwagia maji ya maua kutoka kwenye chupa, tukasoma Yasini. Kisha akatazama saa, kwa sababu alikuwa amemwambia mlinzi kwamba tutatoka kabla ya saa tano.