Plastiki inabeba dawa kweli, ila tusiitwishe mzigo wote

Weka mchuzi wenye binzari kwenye bakuli la plastiki siku mbili, afu lioshe mpaka mkono uchoke, ile njano haitoki ng'o, wakati bakuli la kioo maji mara moja limeng'aa. Lile lililokwaruzwa na stilwaya ndo balaa zaidi.

Sasa maikroplastiki, vipande vya chini ya milimita 5 vinavyotokana na rambo, vifuniko vya chupa na nyuzi za nguo tunazofua, inafanya hivyohivyo na dawa za hospitali, ndo maana wengine wanailaumu kwamba inazibeba mtoni hadi kwa samaki. Sipro (ciprofloxacin, aina ya antibayotiki) unayomeza mwili hauimalizi, nyingine inatoka na mkojo vilevile ilivyo, ikifika mto Msimbazi hapa Dar inakutana na plastiki iliyopigwa jua hadi ikapasuka, na plastiki chakavu hushika antibayotiki nyingi kuliko mpya. Samaki akiimeza, nyongo yake inafanya kazi ya sabuni, dawa inaachia tumboni chapchap. Juu ya plastiki pia bakteria wanajenga utando, wanakaa humo na antibayotiki wakirithishana usugu wa dawa, na hii hoja mimi siipuuzi hata kidogo.

Ila wanaosema tunakuza mambo tukiilaumu plastiki nao wana pointi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye bahari ina chaji hasi, plastiki nyingi nazo hasi, zinasukumana. Sipro nayo ikifika Daraja la Salenda mto unapoingia baharini inakutana na maji ya bahari yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, sodiamu ya hiyo chumvi inagombea ileile nafasi kwenye plastiki, kwa hiyo nyingine inabanduka hata samaki hajaisogelea. Halafu matope na uozo wa majani vimejaa mtoni kuliko plastiki, navyo vinashika dawa, na samaki mwenyewe anaivuta moja kwa moja na maji yanayopita kwenye matamvua. Majaribio mengi ya maabara pia yanatia dawa nyingi mno kuliko iliyopo mtoni.

Kwa hiyo ukitoa suala la usugu, mi naona plastiki ni mbebaji mdogo. Katazo la mifuko la Juni 2019 lilikuwa zuri, lakini halikugusa mkojo wa mtu, na mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti hayakujengwa kuchuja dawa, tena wengi wetu hata bomba la kufika huko hatuna, tuna mashimo, mvua kubwa ikishuka usiku jirani anatapisha choo na ile sipro inafika Jangwani, bonde la Msimbazi, bila kuhitaji kipande chochote cha plastiki cha kupandia.