Kodi ya Kumi na Tatu

Nilikuwa kibarazani, gitaa mapajani, simu nimeibana kwa bega, naongea na mpiga besi wa kwaya yetu. Alitaka nimweleze kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zile za meja zenye mkia mrefu, maana mwalimu wa kwaya siku hizi anazipenda kuliko pilau. Na mwalimu huyo huyo hataki tuhesabu kwa Kiingereza. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Ya saba haina shida," nikasema. "C, E, G, B. Ya tisa nimeshaimaliza: unaongeza D, unaitupa G. Ya kumi na moja naruka, inaleta ugomvi."

Ugomvi wenyewe ni F kumkalia E kichwani. Ukizipiga pamoja utadhani paka amekanyagwa mkia.

"Na ya kumi na tatu?"

"Hiyo ikiwa kamili ina noti saba. Vidole nilivyonavyo ni vinne, basi natoa nne tu: E, B, D, A. Nani atahesabu? Hata mzizi, ile C ya kuanzia, siuweki, utauweka wewe huko chini."

Nyuma yangu ungo ukaanguka, pwaa! Mchele ukatapakaa.

Mama mwenye nyumba. Na chumba changu ni elfu sabini kwa mwezi, yaani noti saba za elfu kumi. Nilikuwa nadaiwa tangu mwezi wa nane.

"Ya saba kweli ulilipa," akasema, akihesabu kwa vidole. "Hiyo ya tisa umemmalizia nani? Ya kumi na moja unairuka? Mwaka gani una mwezi wa kumi na tatu? Na huo mzizi unaowekwa chini, chini wapi? Ya mlango wangu?"

"Mama, ni muziki huo..."

Mwanawe alishafika na jembe. Walichimba kizingitini kwangu nusu saa, wakapata kijiko na ndala moja ya kushoto.

Ikabidi nipige. Freti ya tatu, ya pili, ya nne, ya tatu, nyuzi nne za katikati. Ile meja tisa ikalia taratibu, mama akaegemea jembe.

"Tamu," akakiri. "Na hiyo noti uliyoitupa?"

"Haihisiki, mama. Hata mzizi ukiachwa, mpiga besi anaujazia."

Akaokota ungo wake.

"Humu ndani hakuna mpiga besi, mwanangu. Saba, mara miezi minne."