Vizibo Vimenigharimu Laki Tano

Mtu akiambiwa katia pamba masikioni, maana yake hasikii la mtu. Sasa mimi nilizitia kweli, pamba nyeupe ya duka la dawa, kwenye send-off ya binti wa jirani, na nilisikia kila kitu. Meza yetu iliwekwa chini ya spika. Singeli ilipoanza, wali ukawa unacheza wenyewe kwenye sahani. Namuomba mke wangu chumvi, ananipa kijiko. Nimerudi nyumbani masikio yanalia nziiii kama friji bovu, siku mbili nzima.

Mpwa wangu anayefanya kazi kiwandani akanicheka. "Mjomba, pamba ni ya vidonda!" Akanipa vizibo vya sponji, vya rangi ya chungwa, na maelekezo juu. Unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma, unakichomeka, unakishikilia nusu dakika kivimbe. Nikafanya mbele ya kioo. Mtoto akamwita mama yake: "Baba anajivuta sikio mwenyewe!"

Mpwa wangu akaniambia kelele za desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, mwisho kuzisikiliza ni muda wa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Nikapiga hesabu: zikifika 100, ni dakika 15. Jamani! Kadi inasema saa kumi na mbili, watu wanakuja saa tatu, inaisha saa saba usiku. Masikio yangu muda wake umekwisha kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Na vile vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, kama vya utosini kwangu.

Basi Jumapili nikaenda navyo kwenye kikao cha kamati ya harusi. Vikao vyetu lazima viwe baa, sijui ni sheria ya nani, na dijei naye lazima awe anajaribu mitambo. Nikachomeka. Raha! Besi ikawa kwa mbali, kama jirani anatwanga kisamvu. Maneno ya watu yakapotea kabisa. Mweka hazina akanigeukia, midomo inacheza. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa juu chini kwa heshima. Wakapiga makofi. Akasema tena, nikatikisa tena. Makofi zaidi, mmoja akasimama kunipa mkono. Nikajiona mtu wa maana, mpaka mke wangu aliponifinya paja.

Nikachomoa kimoja. Katibu alikuwa anasoma: "...ahadi laki tano, na uenyekiti wa vinywaji. Tumshukuru sana mjomba."

Tangu asubuhi mweka hazina kapiga simu mara nne. Hii ya tano inaita hapo mezani, nami naviringisha kizibo.