Dubrovnik: kumlipa sultani haukuwa woga

Dubrovnik, bandari kongwe ya Bahari ya Adriatiki iliyo Kroatia leo, ilikuwa jamhuri ya Kikatoliki ikiitwa Ragusa, na kwa karne kadhaa ilimpelekea sultani wa Uthmaniyya fedha kila mwaka. Kwa hilo imebeba lawama mpaka leo. Mahasimu wake waliwaita wenyeji wake “watu wa bendera saba”: yeyote mwenye nguvu, wako tayari kupandisha bendera yake.

Lawama hiyo haikuzuka hivi hivi. Wajumbe wa mji walipeleka Istanbul habari za Ulaya, na za Istanbul wakazifikisha Hispania. Venice, jamhuri jirani ya Kikristo na mshindani wake, ilipopigana na Waturuki wa Uthmaniyya, biashara yake ilikwama na mizigo ikahamia kwa meli na misafara ya Ragusa.

Lakini tazama walichonunua. Tangu 1481 malipo yalikuwa dukati (sarafu za dhahabu) 12,500 kwa mwaka. Kwa fedha hizo hapakuwa na askari wa sultani ndani ya kuta wala liwali wake. Wafanyabiashara wao waliingia Balkani hadi ndani na kutoka na ngozi, nta na sufu. Sheria zilibaki zao wenyewe. Mwaka 1377, kabla hata ya malipo hayo, Baraza lililotawala mji liliamuru kwamba anayetoka penye tauni akae mwezi mzima visiwani au Cavtat, mji mdogo wa jirani, kabla ya kuingia mjini. Mwaka 1416 wakapiga marufuku raia wao kufanya biashara ya watumwa. Mji wenye mazoea ya kujiamulia mambo hivyo ulikuwa na kitu cha kulinda, nao uliona bora kutoa dhahabu kuliko vijana wake.

Na wapo waliolipa kwa mwili. Tetemeko la Aprili 6, 1667 liliubomoa mji na kumuua hata Rekta, mkuu wa jamhuri, aliyeshika cheo kwa mwezi mmoja tu kwa zamu. Mji ukiwa bado kifusi, Kara Mustafa Pasha, waziri mkuu wa sultani, akadai fedha zaidi. Nikola Bunić, kabaila wa Ragusa, alitumwa kukataa kwa lugha ya adabu. Alitiwa gerezani Silistra, mji wa Uthmaniyya ulio Bulgaria leo, akafia humo mwaka 1678. Sijui mwoga gani hutuma watu kwenye kazi ya namna hiyo, na wakaenda.

Kinachonishangaza zaidi ni Neum, mji mdogo wa pwani kaskazini-magharibi mwa Dubrovnik. Katika amani ya Karlowitz, 1699, iliyomaliza vita vya Uthmaniyya na Venice na washirika wake, Ragusa ilihakikisha vipande viwili vya pwani, kimoja kila upande wake, kikiwemo cha Neum, vinakuwa mikononi mwa Waturuki, ili isipakane na Venice kwa nchi kavu. Yaani jamhuri ya Kikristo ilimwamini sultani awe ukuta kati yake na Wakristo wenzake! Mpaka huo haujafutika: kwa sababu yake Bosnia na Herzegovina ina pwani ya takribani kilomita 20, na Kroatia ikabaki imekatika vipande viwili. Aliyetoka Split, mji mwingine wa Kroatia, kwenda Dubrovnik kwa gari alionyesha pasipoti mara mbili ndani ya mwendo mfupi, mpaka daraja la Pelješac, linaloikwepa Neum, lilipofunguliwa Julai 2022. Uamuzi wa wazee waliomwogopa jirani uligharimu daraja la zaidi ya kilomita mbili miaka 323 baadaye. Wakosoaji husema huo ndio ubinafsi wa Ragusa. Mimi naona waliisoma Venice sawasawa.

Pale ambapo wakosoaji wana haki ni ndani ya kuta. Uhuru huo ulikuwa wa koo chache za makabaila. Mabaharia na wakulima hawakuwa na kiti Barazani. Tena mbinu yote ilihitaji wakubwa wawili wanaooneana wivu. Venice ilianguka 1797, Uthmaniyya ikawa imedhoofika, na Wafaransa walipofika langoni mwaka 1806 hapakuwa na wa kumkimbilia. Watu wa Ragusa wakawafungulia. Januari 31, 1808, Jenerali Marmont wa Ufaransa akaivunja jamhuri.