Nyumba ya ghorofa haitaki ruta yenye antena nyingi, inataka kebo

Binti yangu alikuwa anafanyia kazi zake za chuo kwenye ngazi. Meza anayo, chumbani kwake ghorofa ya pili, ila kule juu Wi-Fi ilikuwa haishiki kabisa, kwahiyo kila jioni namkuta amekaa ngazi ya tatu kutoka chini, laptopu kwenye magoti, miguu kaikunja ili watu wapite. Mi nikaamini dawa ni ruta kubwa zaidi. Nikanunua, antena sita, boksi limeandikwa inafunika nyumba nzima, nikaifunga sebuleni pale pale ilipokuwa ile ya zamani na yeye akaendelea kukaa kwenye ngazi.

Iliniuma sana, hela imeenda na mtoto bado anahangaika, ndo nikaanza kusoma na kupima mwenyewe. Maoni yangu sasa hivi ni kwamba ukiwa na nyumba ya ghorofa usianze kuuliza ruta gani nzuri, anza kuuliza kebo itapita wapi.

Adui ni slabu. Kati ya chini na juu kuna zege nene na ndani yake nondo zimesukwa kama wavu, sasa mawimbi ya redio yakikutana na wavu wa chuma sehemu kubwa inarudi ilikotoka na nyingine inaishia humo humo. Mbao na jipsamu yanapita vizuri tu, tofali yanapita yakiwa yamechoka, ila zege la nondo linayamaliza. Tanki la maji nalo linameza, kioo kikubwa cha kabati nacho kinarudisha maana nyuma kimepakwa madini. Na bendi zenyewe, yaani masafa ambayo Wi-Fi inarushia, hazifanani, ile ya gigahezi 2.4 wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 12 na inajitahidi kupenya, ya 5 ni kama sentimita 6, ina spidi nzuri lakini ukuta unaishinda mapema, na ya 6 ndo dhaifu zaidi mbele ya ukuta. Hapa watu wengi wanachanganya, Wi-Fi 6 sio gigahezi 6. Wi-Fi 6 ni kizazi cha teknolojia, bendi ya gigahezi 6 imeanza kutumika na kile wanachoita Wi-Fi 6E. Vizazi vipya ni vizuri, vifaa vingi vinahudumiwa kwa pamoja bila kugombania, lakini hakuna kizazi kinachotoboa slabu.

Nilipima kwa programu ya simu ya kusoma nguvu ya Wi-Fi, ziko za bure nyingi, inakupa namba hasi ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na kadri inavyokuwa karibu na sifuri ndo nzuri. Sebuleni ilisoma -48. Pale kwenye ngazi ya tatu -66, na kwa uzoefu wa mafundi ukiwa kwenye -67 kurudi juu mkutano wa video unaenda bila kukatakata, yaani mtoto alishapatafuta mpaka akapapata bila kupima chochote. Chumbani kwake -84. Kila desibeli 10 zinazopotea ni nguvu kupungua mara 10, kwahiyo kutoka -48 mpaka -84 imepungua karibu mara 4,000. Mara elfu nne! Hapo antena mbili za ziada zitasaidia nini?

Na hizi antena tuziongelee kidogo. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, Ulaya kwa mfano kwenye bendi ya 2.4 ni miliwati 100, iwe ruta ya antena mbili au nane. Halafu hata ruta ingepewa nguvu za ajabu bado simu inatakiwa ijibu, na simu ina antena ndogo na betri ya kutunza, kwahiyo unaona mistari yote imejaa lakini hakuna kinachofunguka, ruta inasikika ila yenyewe haikusikii wewe. Zile namba za kwenye boksi nazo usizichukulie kama spidi utakayopata. Ikiandikwa AX3000 mara nyingi wamejumlisha megabiti 574 za bendi ya 2.4 na 2,402 za bendi ya 5, na simu ya kawaida haipati zote mbili kwa mkupuo. Mi siku hizi nageuza boksi naangalia matundu ya kebo, maana zipo ruta mpaka leo zina matundu ya megabiti 100, ukiwa na intaneti ya 200 nusu inaishia pale mlangoni.

Kabla hujatoa hela jaribu kuihamisha. Itoe nyuma ya TV, itoe chini ya meza, ipandishe juu ukutani karibu na uwazi wa ngazi, maana pale ndo sehemu pekee slabu ina tundu kubwa. Antena ya fimbo inarusha zaidi pembeni kuliko kichwani kwake, zikisimama zote wima zinahudumia sakafu moja, ilaze moja uone juu panabadilikaje. Kwangu chumbani ilitoka -84 ikafika -77, ni kitu, ila haikutosha.

Ripita, vile vifaa vya kupokea Wi-Fi na kuirusha tena, sizipendi na nasema wazi. Watu wanaiweka kule kule ambako Wi-Fi ni mbovu, inapokea ubovu inarusha ubovu, na hizi za kawaida zenye redio moja spidi inakatika kama nusu kwa sababu redio hiyo hiyo inasikiliza na kuongea. Meshi, yaani vipande viwili vitatu vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni bora zaidi, hasa yenye bendi ya tatu ya kuongea zenyewe kwa zenyewe, na kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta ningemshauri hiyo. Lakini meshi bila kebo bado inapigana na slabu ile ile, kwahiyo kila kipande kione mwenzake kupitia kwenye ngazi.

Kilichomaliza shida kwangu ni kebo. Kulikuwa na paipu ukutani iliyopitisha waya wa antena ya TV kutoka juu mpaka sebuleni, waya wenyewe hatuutumii miaka. Fundi akafunga kebo ya mtandao kwenye ncha ya ule waya kwa tepu ya umeme, akazungusha vizuri pasiwe na nundu, mi nikawa juu navuta taratibu yeye chini anasukuma, kwenye kona ya pili ikagoma, tukarudisha kidogo tukavuta tena, ikatoka. Kebo yenyewe ni ya daraja la Cat 6, ya shaba tupu, na kwenye shaba msikubali ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba, inakatika ndani ukiikunja na hujui tatizo liko wapi. Kebo hii inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, slabu haiihusu.

Juu sikununua kitu kipya, nilichukua ile ruta ya zamani nikaigeuza akses pointi, yaani kituo cha kurusha Wi-Fi tu: unazima DHCP, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, unaipa anwani yake isigongane na ya ruta kubwa, kebo unachomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) na sio la WAN (intaneti inapoingilia), jina la Wi-Fi na paswadi unaweka zile zile ili simu ihame yenyewe. Chaneli, yaani vipande vya bendi, ndo unatenganisha, kwenye 2.4 moja iwe 1 nyingine 6 au 11. Nguvu ya ile ya chini nikaipunguza kidogo maana simu zina tabia ya kung'ang'ania ruta ya mwanzo hata ukishafika juu. Chumbani kwa binti sasa inasoma -51, na kwenye ngazi hakai mtu.

Kama bado unajenga mwambie fundi aweke paipu tupu kutoka chini mpaka kila ghorofa, iishie katikati ya dari ya korido, na aache uzi ndani wa kuvutia. Aiweke kabla zege halijamwagwa.