Chuma Kikishuka Shambani, Mwenyewe Ni Nani?

Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa alasiri, wengi wetu tukiwa bado tunamalizia nyama ya Krismasi, pete ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa mita 2.5 na uzani kama kilo 500. Wanakijiji walisimulia kwamba waliikuta ikiwa nyekundu kwa moto, ikabidi wangoje ipoe ndipo wasogee.

Nina shangazi anayeishi upande huo wa Ukambani, ingawa kwake na Mukuku ni mwendo wa matatu mbili. Alinipigia usiku huo. Hakuuliza kitu kile kimetoka wapi. Aliuliza, "Mwanangu, kingeangukia ng'ombe wangu, ningemdai nani?"

Nilimjibu ovyo, kisha nikakaa na swali lake hadi mwaka mpya.

Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa kwamba kwa uchunguzi wa awali, ile ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Likasema pia kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida huundwa viungue vikiingia angahewa, au vishukie mahali pasipo watu kama baharini. Basi uvumi ukaanza. Kuna waliosema ni ya India na kwamba Kenya tayari imedai fidia. Shirika likakanusha habari hiyo. Wafuatiliaji wa setilaiti huko Ulaya wakaielekezea kidole roketi ya Ulaya, Ariane, iliyorushwa mwaka 2008, wengine wakatilia shaka kama kweli kitu kile kilitoka angani. Mimi hadi leo sijasikia mwenye mali akijitokeza kusema, "Samahani jamani, ni yetu."

Watu wengi hulichukulia jambo hili kama bahati mbaya, sawa na radi. Sikubali. Chukua chungwa na uzi. Lizungushie chungwa uzi pale penye unene wake kamili, kwa mshazari wowote upendao: wima, ubavu, hanamu. Utaona kwamba lazima uzi ukatize kiuno cha chungwa mara mbili, labda uwe umeulaza juu ya kiuno chenyewe. Njia za setilaiti ni hivyo hivyo. Hakuna mzingo unaoikwepa ikweta. Wanaorusha kutoka Urusi, China au Marekani, mizigo yao yote hupita juu ya vichwa vyetu, na roketi zikishamaliza kazi, mara nyingi huachwa huko juu zizunguke hadi zichoke. Hewa nyembamba ya juu inazipunguza mwendo kidogo kidogo, miezi kwa miaka, kisha siku moja zinashuka popote zinapotaka.

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Michael Byers wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipiga hesabu hii. Waliona kwamba mabaki ya roketi yana uwezekano wa takriban mara tatu zaidi wa kuangukia latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos kuliko zile za New York, Beijing au Moscow. Yaani karamu ni yao, mifupa inatupwa kwetu. Mei 2020 bomba refu la chuma lilianguka kijiji cha Mahounou, Ivory Coast, siku ileile ambayo mabaki ya roketi ya China, Long March 5B, yalirudi duniani yakipitia anga hiyo.

Na si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Roketi ikibakiziwa mafuta kidogo na injini inayoweza kuwashwa tena, inaelekezwa Pasifiki ya Kusini, mbali na nchi kavu yoyote. Mafuta hayo yana uzito, na uzito ni pesa. Ndiyo maana wanayaacha.

Sasa turudi kwa ng'ombe wa shangazi. Upo mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu madhara ya vyombo vya angani, na Kenya imo. Unasema nchi iliyorusha inalipa hasara iliyotokea ardhini, hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Vizuri kabisa kwenye karatasi. Lakini anayedai chini ya mkataba huo ni serikali, si mwenye ng'ombe, na kabla ya kudai sharti ijulikane chuma ni cha nani. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilitawanyika kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola milioni 6 za Kanada. Ikalipwa milioni 3, mwaka 1981. Hiyo ni Kanada, yenye wanasheria na rada, na aliyeangusha alijulikana toka siku ya kwanza.

Machi 2024 kipande cha chuma kisichofika hata kilo moja, kilichotoka kwenye kituo cha kimataifa cha angani, kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida. Familia ile ilikuwa na wakili, ikaidai NASA, shirika la anga la Marekani, dola 80,000. Mukuku ilipata watu wa televisheni.

Nisieleweke kwamba nachukia mambo ya anga. Nimekulia Malindi, kilomita chache kutoka Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kutoka pale iliruka setilaiti ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ikapewa jina Uhuru. Jina letu limo katika historia ya elimu ya nyota, nami hulitaja kila nikipata nafasi, hata harusini. Aprili 2023 tukarusha setilaiti yetu, Taifa-1, kwa roketi ya SpaceX, kampuni ya Marekani. Na kwa mkataba uleule, anayeagiza kurushiwa naye ni mrushaji. Kwa hiyo siku Taifa-1 ikimwangukia mtu, atatudai sisi. Ni kadogo mno, kataungua kote, lakini kanuni ni hiyo.

Ninachotaka ni kidogo. Nchi za ikweta, kuanzia Gabon hadi Indonesia, zikikaa katika vikao vya Umoja wa Mataifa zidai kwa sauti moja kwamba anayerusha aonyeshe kwanza roketi yake itashukia wapi. Na wanakijiji wa Mukuku wapelekewe ripoti kamili ya uchunguzi, kwa Kikamba na Kiswahili, isomwe barazani.

Nilimweleza shangazi yote haya, nikamshauri kwa utani apige picha mali yake mapema, ushahidi usipotee. Wiki iliyofuata alinitumia picha sita: paa la mabati, tangi la maji, na ng'ombe wanne, kila mmoja peke yake.