Kufuga matumbawe Mbeya: baridi inasingiziwa

Akitokea mtu wa Mbeya au Iringa anayetaka tangi la maji chumvi sebuleni, lenye matumbawe hai, wengi humkatisha tamaa mapema: hivyo ni viumbe vya pwani, huku juu vitakufa kwa baridi. Wapo pia wanaomtia moyo kwamba vifaa siku hizi vipo, mwenye fedha anafuga popote. Mimi naona pande zote mbili zinabishania jambo jepesi na kuyaacha mazito.

Matumbawe ya tangini hutaka joto la nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Juni au Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Pengo hilo ni kubwa, lakini hita inalimaliza. Hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikifa nyingine inakupa muda, na moja ikikwama bila kuzima haina nguvu ya kupika tangi zima. Kifuniko juu na bamba la stairofomu nyuma ya kioo hupunguza bili. Mwenzetu wa Dar es Salaam ana mtihani mgumu zaidi. Matumbawe mengi huishi na mwani mdogo sana ndani ya miili yao, na mwani huo ndio huwapa sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, mwani hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Ndivyo miamba ya Tutia kule Mafia na Misali kule Pemba ilivyoumia vibaya mwaka 1998. Mashine ya kupoza maji ni ghali kuliko hita. Katika hili, nyanda za juu zina nafuu.

Kinachonitisha mimi ni hewa. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na maji ya joto lilelile hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 17 au 18 kuliko usawa wa bahari. Mchana hutaona kitu, kwa kuwa mwani unazalisha oksijeni chini ya taa. Usiku taa zikizimwa, samaki, matumbawe na bakteria wote wanavuta kutoka akiba ileile. Sasa umeme ukatike saa nane za usiku. Mwenye tangi atakimbilia blanketi kufunika kioo, ilhali lita 300 za maji hazipoi kwa nusu saa. Oksijeni ndiyo inayotangulia kwisha. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, kisha inveta ya kuendesha pampu ya maji. Taa za kupendezesha rangi zingoje. Nimeona watu wakianza na taa, na sielewi haraka ni ya nini.

Lipo na jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi: jiko la mkaa sebuleni. Wakati wa kipupwe nyumba hufungwa madirisha na jiko huingizwa ndani, jambo la hatari kwa watu wenyewe kabla hata ya kufikiria tangi. Hewa ukaa inayojaa chumbani huyeyuka majini na kushusha pH, yaani kipimo cha asidi: kikishuka, maji yamezidi asidi. Maji ya matumbawe yanatakiwa kukaa kati ya 7.8 na 8.4, yakizoea kuwa chini ya hapo, tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa shida. Dawa inayosaidia ni maji ya chokaa yanayodondoshwa polepole usiku, kwani yanaongeza kalsiamu na kupandisha pH kwa pamoja. Ila chokaa hiyo iwe ya daraja la chakula. Ya kupakia ukuta haina uhakika wa usafi, hata kama Songwe tumejaliwa mawe ya chokaa kiasi cha kulisha kiwanda cha saruji. Na dozi ikizidi, pH hupaa na kuua.

Maji yenyewe yana mitego. Tukuyu mvua inanyesha hadi unachoka, na mtu atajiuliza kwa nini anunue chujio. Ni kwa sababu ya mabati: zinki inayochuruzika nayo ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo, matumbawe yakiwemo. Maji ya bomba nayo yana klorini. Chumvi ya jikoni haifai, kwani inakosa kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na magnesiamu ya kama 1,300. Chumvi maalumu huwekwa gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na tangi la lita 300 linameza kilo kumi na kidogo kwa kuanzia. Kubeba madumu ya maji ya bahari kutoka Kigamboni kupanda Kitonga hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ni kulipa nauli ya maji.

Tuje kwenye lililo zito zaidi: matumbawe yatoke wapi? Wafugaji husema wanahifadhi, na sisi wa huku tuna mfano wa kuwaunga mkono. Chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa pekee, alipotea baada ya maji kupelekwa kwenye mitambo ya umeme (umeme huohuo tunaotaka kuwashia hita). Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliokolewa na vyura karibu 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimfikii mfugaji wa Soweto au Forest hapa Mbeya. Vyura wale walikuwa na wataalamu, kumbukumbu za kila kizazi na mahali pa kurudisha. Kipande kilichong'olewa mwambani na kupakiwa kwenye basi hakina hata kimoja kati ya hivyo. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo hata yale ya kuagiza nje yanahitaji vibali. Ninachokubali ni vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokulia tangini, tena yale laini kwanza, yasiyodai kalsiamu nyingi.

Asiyeweza kugharamia betri na inveta, ningemshauri mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa. Rangi zao hazina cha kuonea wivu, maji yao hayana chumvi, na wanazaliana tangini vizuri kiasi kwamba hakuna haja ya kwenda kuwavua Matema. Pampu ya betri, hata hivyo, nao wataihitaji.